Jinsi ya Kushindwa kwa Heshima Kazini

Ndugu yangu, sogea karibu, maana haya hayatangazwi kwa kipaza sauti. Wapo watakaokufundisha kupanda cheo kwa mfungo wa siku tatu. Mimi nitakufundisha kushindwa: umalize miaka yako huku Burundi, Gitega au Muyinga, bila kuwa mtu mkubwa, kazi yako iwe na maana mbele za Mungu, na usiku ulale. Majivuno yako usihangaike kuyaacha nyumbani, hayaachiki. Njoo nayo, tutayapiga chenga humo humo.

1. Toka kwenye foleni

Najua unangoja nini. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, vijana wengi wenye diploma wanaiona kabisa meza yao ofisini, ina mhuri na kiti cha kuzunguka. Wanaombewa meza hiyo kila Jumapili. Huku nyumbani cherehani ya mama imefunikwa kitambaa, maana kushona, wanasema, si wito wao.

Acha kungoja. Tazama Muyinga. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa ikawa 5, Muyinga iliacha kuwa mkoa, ikaingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mkate haukuacha kuokwa, wala maharage hayakuacha kupimwa sokoni. Ikiwa mji mzima unashushwa cheo na watu wanakula, wewe utaishi bila kiti cha kuzunguka.

Ukitaka ushahidi wa Maandiko, upo. Musa alipoitwa aliulizwa ana nini mkononi, nayo ilikuwa fimbo ya kuchungia mifugo ya mkwewe. Watu wa Nazareti walipotaka kumshusha Yesu, walimtaja kwa useremala wake. Kwa hiyo wakisema "yule fundi tu", itika haraka. Umewekwa kwenye kundi zuri.

2. Mtumikie mtu asiyekujua

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nipe nafasi. Moyo wako unapenda sifa, na wangu pia. Tusibishane juu ya hilo. Dawa ni kuupeleka moyo mahali ambapo sifa haifiki. Burundi mahali hapo pameenea milimani: ni kwenye kahawa.

Nenda kwenye kituo cha kuoshea kahawa msimu wa mavuno, Gitega au Muyinga, popote palipo karibu nawe. Mkulima anashuka na kikapu kichwani. Amechuma leo na lazima afikishe leo, kwa kuwa kahawa mbivu ikilala inaanza kuchacha. Inamwagwa majini, nyepesi na mbovu zinaelea, zinaenguliwa. Zilizozama zinamenywa, zinavundikwa, zinaoshwa, ndipo zinapandishwa kwenye meza ndefu za wavu. Hapo wamesimama akina mama, wengine na mtoto mgongoni, wanapitisha vidole juu ya punje zilizolowa na kutoa yenye tundu, iliyovunjika, yenye doa. Kuanika kunachukua wiki mbili na zaidi, ni kugeuza na kugeuza, na kufunika mbio mvua ikitishia.

Sasa sikiliza. Kahawa ya nchi zetu za Maziwa Makuu ina aibu moja inayojulikana na kila mnunuzi: harufu ya kiazi kibichi. Inahusishwa na mdudu mdogo anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje moja ikiponyoka inasafiri na nzuri, inakaangwa na nzuri, wala huitambui kwa macho. Ikisagwa ndipo harufu inatoka, na kikombe kimeharibika. Mnywaji yuko Tokyo au Oslo. Kikombe chake kikiwa safi, hatajua kwamba kuna vidole vilivyoitoa punje ile saa tano asubuhi juani. Hataleta salamu.

Umeuona utamu wake? Mama yule akiitoa, amempenda jirani asiyemwona, na shahidi ni Mungu peke yake. Ndiyo amri kuu ya pili, imetimizwa kwa kidole gumba na cha shahada. Nawe tafuta meza yako ya wavu. Kama unashona, ni mshono wa ndani ya mfuko. Kama unajenga, ni sementi ya msingi itakayofukiwa. Kama unafundisha, ni daftari la mtoto wa mwisho darasani. Ile sehemu ambayo mteja hawezi kuikagua, ifanye vizuri kupita ile anayoiona.

Lakini mwajiri asiyachukue maneno haya na kuyageuza kisingizio. Mungu kuiona kazi ya mama hakulipi ada ya shule ya mtoto. Aliyemwajiri amlipe, na amlipe kwa wakati.

3. Iba sala

Usiibe saa za kazi ukaenda nazo kwenye maombi. Mgonjwa akiachwa benchi wakati muuguzi yuko mkesha wa mchana, huo ni wizi, hata ukiimbwa kwa sauti nne. Wizi ninaokushauri ni mwingine: ndani ya kazi iba nafasi ndogo ndogo. Unapotia uzi sindanoni, mtaje mwenye gauni. Unaposukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima, na pumzi imeisha, ile pumzi yenyewe itoshe.

Mwalimu wa wizi huu ni Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Aliwekwa jikoni, baadaye akawekwa kushona viatu vya wenzake. Alisema humpata Mungu katikati ya kelele za sufuria sawasawa na mbele ya altare. Mapadri na wakubwa walikuja kumwomba ushauri. Naye alikuwa fundi viatu.

4. Shindwa kusema "njoo kesho"

Hapa nasema na wewe uliyeipata ile meza, maana wapo pia walioipata. Bibi ameingia. Ametoka kijijini kabla ya mapambazuko, amevaa kitenge chake cha misa, na karatasi ameifunga ndani ya leso, imekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Anataka sahihi moja. Maneno "njoo kesho" yamekwisha kufika kwenye ulimi wako, yamefika yenyewe, kwa sababu yanakufanya mkubwa bila gharama.

Yameze. Mpe kiti kwanza, kisha fungua faili. Kama sahihi haipatikani leo, mwambie ni nani anayeitoa, yuko wapi, na siku gani hasa, umwandikie. Naijua raha ya kumwona mtu anakunyenyekea mlangoni. Ndiyo maana nakuambia uikatie mzizi hapo kwenye ulimi. Pale ndipo ibada yako ya siku hiyo ilipo, na bibi yule hana nauli ya kuja tena.

Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja Burundi Septemba 1990, aliwahi kuvunja mawe machimboni nchini kwake Poland wakati wa vita. Mwaka 1981 alitoa waraka mzima juu ya kazi, Laborem Exercens, akifundisha kwamba heshima ya kazi inatoka kwa mtu anayeifanya. Basi mfagiaji wa ofisi yako naye msalimu wewe kwanza, kwa jina lake.

5. Acha mizani ishuhudie

Usianze na ushuhuda. Ukiwa na duka Muyinga, au ukibadilisha fedha kwa madereva wanaoelekea mpakani Kobero, usibandike aya ukutani kabla hujasahihisha mizani au hesabu. Weka mkono mbali na sahani ya mizani, mgeuzie mteja namba aisome mwenyewe. Ukiwa umepunja kilo, rudisha. Zakayo alirudisha mara nne na hakuna anayemkumbuka kwa hasara. Jirani yako Mwislamu, na Muyinga wapo wengi, ataijua imani yako kwa kipimo hicho kabla hujafungua kinywa. Akikuuliza, basi sema. Sema kwa kifupi, kuna foleni.

6. Jumapili kuwa mvivu

Funga. Wateja wataenda kwingine, na Jumatatu utagundua kwamba Burundi ilisimama bila wewe. Kwa mwenye majivuno ni kipigo, lakini kinauma kidogo kila wiki badala ya kuuma chote siku ya kustaafu. Cheza na watoto. Kula mboga za isombe taratibu. Usiende kanisani kuonekana kiti cha mbele. Kaa pale penye nafasi, karibu na mama mwenye mtoto anayelia, umpokee mtoto.

Na ikitokea bahati mbaya ukasifiwa hadharani, usijifanye kukataa, kwani huko ni kuomba usifiwe tena. Sema asante. Mtaje aliyekushikia ngazi. Kisha rudi mezani ukageuze kahawa, wingu limeshafunga upande wa mashariki.