Jogoo Aliyenunua Kitabu

Mume wangu akimaliza kitabu kizuri, marafiki zake huanza kumkwepa. Si mkali. Ni mwalimu wa historia, mpole, mtu wa kusalimia hata mbuzi wa jirani. Tatizo lake ni kwamba hawezi kusoma kitu akanyamaza. Lazima akuazime, ukikataa kuazimwa, akusimulie, ukimkimbia pale Kondele, atakutumia sauti kwenye simu, ndefu kama mahubiri ya matanga, na ndani yake utasikia boda zikipita na mtu akiuliza bei ya nyanya.

Namtetea kidogo. Mji huu wa Kisumu una watu tele wa kupendekeza vitabu vya pesa, na karibu wote hupendekeza vilevile viwili: Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, cha mwaka 1997, na The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha 1926. Utavikuta vimepangwa kwenye gunia kando ya barabara, nakala za kutoa kopi, wino umefifia. Kwenye chama chetu cha akina mama alikuja kijana mwenye suti akatusomea vyote viwili kwa saa nzima. Sina ugomvi navyo. Ila nilitafuta ukurasa unaosema ufanye nini shemeji akifiwa na mkwe katikati ya mwezi na ukoo wote unachanga, sikuuona. Kwa Kiyosaki pesa ni pesa. Huku ziwani kuna pesa ya kununulia sukari na kuna pesa ambayo ukiigusa vibaya nyumba inaanguka.

Hiyo ya pili ndiyo iliyotuletea kisanga.

Kuna mtafiti wa kigeni aliyekuwa akihama nyumba huko Milimani, akawa anauza vitu vyake langoni: feni, mtungi wa gesi, viti vya plastiki na boksi la vitabu. Watu waligombania feni. Mume wangu aliinamia boksi, akaibuka na viwili: Bitter Money cha Parker Shipton, kijitabu chembamba cha 1989, na Burying SM cha David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, cha 1992. Nilimuuliza pesa katoa wapi, maana mwezi ulikuwa umefika kule ambako tunahesabu hadi njiti za kiberiti. Akajibu, "Zilipatikana." Jibu gani hilo kwa mwalimu wa historia?

Bitter Money nilianza kukisoma mimi kabla yake. Shipton ni Mmarekani aliyekaa na wakulima wa Kijaluo wa Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliwakuta wanalima tumbaku, wanalipwa, kisha wanasema malipo hayo hayafai kununulia ng'ombe wa mahari. Wakamweleza habari za pesa makech, pesa chungu. Ukiuza ardhi ya ukoo, ukiuza dhahabu, tumbaku au bangi, ukiuza jogoo wa boma, unachotia mfukoni ni pesa chungu. Ng'ombe utakaowanunua watakufa, na mke utakayemwoa kwa ng'ombe hao hatakaa. Zinaweza kutakaswa, lakini wapo wazee wanaojua namna, na wazee hao hawafanyi kazi bure.

Jogoo yumo humo kwa sababu si kuku wa mchuzi. Mwanamume anapotoka kwa baba yake kwenda kufungua boma lake mwenyewe, huandamana na mkewe na mwanawe wa kwanza, na vinavyobebwa ni shoka, moto na jogoo. Mwenye boma na jogoo wake ni kitu kimoja.

Stima ilikuwa imepotea usiku huo, nasoma kwa tochi ya simu. Nilipofika kwenye jogoo nikafunga kitabu, nikatoka nyuma ya nyumba, nikamulika banda. Mitetea watatu walikuwa wamejibana kwenye kijiti, wakanikodolea macho. Upande wa kulia, mahali pa yule mwekundu mwenye manyoya hadi kwenye vidole, aliyeletwa na mama mkwe kutoka Asembo siku ya Krismasi, palikuwa na kinyesi kilichokauka na unyoya mmoja umenasa kwenye waya.

Asubuhi alisema yote kabla sijamimina chai. Jogoo alikwenda kwa mwenye hoteli mmoja wa Nyalenda kwa shilingi elfu moja na mia tano. "Kwa hiyo," nikamwambia, "umeuza jogoo ukanunua kitabu kinachosema usiuze jogoo." Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasema mfano huo utawafaa sana wanafunzi wa kidato cha tatu.

Tungenyamaza, jambo lingejifia. Lakini alipata habari kwamba mdogo wake anataka kuuza kipande cha shamba la marehemu baba yao ili anunue injini ya mashua. Amechoka kuifuata mbuta kwa makasia. Mama yao hakuwa ameambiwa. Mtu mwingine angepanda matatu akamkalisha ndugu yake chini ya mti. Wangu akampendekezea kitabu. Alinasa sauti, akaituma kwenye grupu la familia ili ionekane ni ya wote: nimesoma kitabu kizuri sana, jamani, kinahusu sisi wenyewe. Akaitaja ardhi. Mwenye busara angeishia hapo. Yeye alikuwa ameshachangamka; akaenda kwenye dhahabu, akapita kwenye tumbaku na bangi, akamalizia kwa jogoo, na akamweleza jogoo vizuri kuliko vyote.

Simu ya mama mkwe ni ya kubonyeza, haina mambo ya grupu. Mjukuu anayeishi naye anayo ya kisasa, na kila jioni humfungulia sauti zote akipepeta omena. Alizisikiliza mpaka mwisho.

Shemeji alijibu usiku huohuo, kwa maandishi: "Asante mwalimu. Mama, kabla ya kuniuliza la shamba, muulize yeye jogoo wako wa Krismasi yuko wapi." Na alikuwa na hakika, kwa maana ndiye aliyemshika miguu jogoo yule juu ya boda hadi Nyalenda, akanunuliwa soda.

Kulipokucha mama akapiga. Hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba angekuja Jumatatu.

Jumapili tukaamkia Kibuye. Anayelijua soko hilo siku ya Jumapili hahitaji kuelezwa. Mimi nina kibanda cha nguo humo na bado nakanyagwa. Kwenye kuku tulipata mwekundu mwenye manyoya miguuni, ingawa hayakufika vidoleni. Muuzaji akasema, "Huyu ni wa kienyeji kabisa, mama, angalia kucha." Elfu moja na mia nane. Tukimjumlisha, kitabu sasa kilikuwa kimetutoa elfu tatu na mia tatu, na bado mtetea mmoja mweusi alimfukuza mgeni uani mpaka giza likaingia.

Mama mkwe alipandia matatu Ndori akashukia stendi, akaja na kikapu cha viazi. Alikunywa maji, akaulizia watoto, akatoka nje kama anayekwenda kunyoosha miguu. Alirudi upesi.

"Nyar Gem," akaniita, "yule si wangu. Wangu alikuwa anachechemea."

Hapo mume wangu alifanya jambo ambalo mpaka leo silielewi: alileta vitabu. Akaviweka mezani mbele ya mama yake, kama wakili na vielelezo vyake, akafungua Burying SM. Nilidhani atafukuzwa. Mama akauliza hicho kinasema nini. Akamwambia ni kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mkewe Wambui akataka amzike Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, na mwili ukangoja mahakama hadi Mei 1987 ukoo uliposhinda.

"Mimi unanieleza kesi ya SM?" akasema mama. "Niliisikiliza redioni, huyu mdogo wako akiwa tumboni."

Akaanza kuisimulia yeye. Alikumbuka lile jambo lililobishaniwa sana: Mluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, ya mawe na yenye hati, na bado asiwe na boma huko, kwa sababu boma ni pale alipowekwa na waliomtangulia. Kisha akaligeuza kwetu. "Hapa mnalipa kodi kila mwezi. Mwenye nyumba akikasirika mnalala nje. Nani alikwambia jogoo wa nyumba ya kupanga ni jogoo wa boma? Huyo ni kitoweo. Pesa yake si chungu. Nunua vitabu."

Mume wangu alishusha pumzi. Mapema mno.

"Lakini hakuwa wako," mama akaendelea. "Nilikupa ukae naye. Kitu nilichokupa ukae nacho, ukikiuza, deni linakua."

Nilimtazama mume wangu nikajua anachokifikiria. Shipton ana kitabu kingine, The Nature of Entrustment, cha 2007, ambacho kiini chake ni hichohicho: kwamba kwa Waluo kukopa na kukopeshana hakuishii kwenye fedha, kuna ng'ombe walioachwa kwa rafiki, kuna shamba la kulimiwa, kuna watoto wanaolelewa kwa shangazi, na marejesho yanaweza kuchukua kizazi na kurudi yakiwa kitu kingine. Alikuwa amefungua mdomo amwambie. Nikamkanyaga mguu.

Ili kupoza hewa akamwekea mama kitu cha kusikiliza. Mwaka 2013 waandishi wa kipindi cha redio cha Marekani, Planet Money, walikuja huku Nyanza kufuatilia shirika la GiveDirectly, lililokuwa likiwapelekea watu maskini pesa kwa M-Pesa bila sharti lolote. Akawa anasimamisha, anatafsiri, anaendelea. Akaongeza na utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro uliochapishwa 2016, uliofanywa hukohuko Rarieda kwao: kaya nyingine zilipata shilingi 25,200, nyingine 95,200, na wengi wakanunua mabati na mifugo, habari ya kwamba maskini akipewa hela atazinywa haikuonekana.

Mama alisikiliza, mikono mapajani. "Huyo Mzungu alisema walichaguaje?"

Kwa paa. Aliyekuwa na nyumba ya nyasi alipewa.

"Na sisi tuliokuwa tumeezeka kwa kuuza omena, mabati kumi kila mwaka? Tulipita tukasalimia." Hakusema kwa uchungu sana. Alisema mwaka huo omena wake waliisha mapema kila siku ya soko, kwa hiyo zile pesa alizila pia, ila alizifanyia kazi. Wachumi waliolitafuta jambo hilo sehemu nyingine za Siaya walichapisha matokeo yao 2022, wakaona kila dola iliyoingia vijijini ilizaa zaidi ya dola mbili katika uchumi wa hapo. Na tulipofika kwenye habari za Homa Bay, ambako watu wengi walizikataa pesa hizo wakihofu ni za shetani, mama hakucheka kama tulivyocheka sisi. "Pesa isiyo na mwenyewe utadaiwa na nani?" Tangu siku hiyo nawaambia wenzangu wa chama: kipindi hicho kisikilizeni, lakini tafuteni mtu aliyekuwa na mabati akae karibu.

Jioni shemeji akaitwa kwa simu, sauti ikawekwa wazi. Alijitetea vizuri. Alimtaja hata Oginga Odinga, aliyeacha ualimu Maseno akazunguka akiwauzia Waluo hisa za Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947. Habari hiyo aliipata kwenye Not Yet Uhuru, kitabu alichoazimwa na kaka yake. Mtaji lazima utoke mahali, akasema. Nilimwona mume wangu anajivunia mwanafunzi wake huku anashindwa hoja.

"Odinga aliuza hisa," mama akajibu. "Hakuuza kaburi. Kipande hicho ndipo alipolala baba yako. Atakayekinunua atalima wapi, kifuani mwake?"

Kukawa kimya upande wa pili, tukasikia mawimbi. Mwishowe walikubaliana akodishe shamba la chini kwa misimu miwili na injini ainunue kwa awamu. Sijui kama hesabu zitafika. Benki isingemsaidia, hati ya shamba imeandikwa jina la marehemu, na hata ingekuwa lake, ni nani angenunua kwenye mnada ardhi yenye makaburi ya watu ambao ndugu zao wako hai jirani? Juu ya jambo hilo Shipton ameandika kitabu kizima, Mortgaging the Ancestors, cha 2009, akianza na kupimiwa kwa mashamba tangu mpango wa Swynnerton wa 1954.

Deni la jogoo lililipwa hivi: Bitter Money kiliondoka na mama kwenye kikapu, na mume wangu huenda Asembo wikendi kumsomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kijaluo papo hapo. Huchukua muda, kwa sababu kila ukurasa mama anamsahihisha Shipton, na majirani wameanza kuja na viti vyao. Jogoo wa Kibuye tulimla na viazi. Burying SM kiko kwa Nyar Seme wa chama, mjane mwenye sababu zake za kukisoma polepole, hatumharakishi.

Mortgaging the Ancestors ndicho kinachotafutwa sasa. Mwenye nakala hapa Kisumu, awe anahama au hahami, atupigie. Tutalipa kwa pesa taslimu, na nitakuja kuichukua mimi mwenyewe.