Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu

Wenzangu wa Mombasa wanaujua mwaka kwa upepo: kusi ikilegea, kaskazi ikashika, basi wamefika. Mimi hapa Kibarani, ambako upepo wowote huja na vumbi la malori ya makontena, kalenda yangu ni simu ya mlamu wangu wa Moshi. Akiandika "Shalom shemeji, waendeleaje?" najua Septemba imeingia na pochi yangu si yangu tena.

Binti yetu anasoma chuo kidogo cha Kilutheri, ng'ambo ya mpaka wa Holili. Kidogo kweli. Si Makumira, ambacho kilianzia Lwandai kwenye milima ya Usambara mwaka 1947, kikahamia karibu na Usa River 1954, na leo ni chuo kikuu kizima. Hiki chetu ukipiga chafya bwaloni, mlinzi wa getini anakuombea afya. Lakini kwa sherehe! Kuna Matengenezo, kuna Mavuno, kuna mahafali, kuna usiku wa nyimbo za Krismasi, na katikati hapo wanachomekwa wageni kutoka Ujerumani, ambao lazima wapokewe kwa matarumbeta, wavikwe vitenge na wachinjiwe mbuzi. Kwa kila sherehe nina bahasha yenye jina langu. Kwenye orodha ya wageni wa meza kuu jina hilo hukosewa kila mwaka. Kwenye bahasha, hata herufi moja haijawahi kuruka.

Kinachoniponza ni neno Mombasa. Mshereheshaji akitangaza "shemeji zetu kutoka Mombasa", watu wote hugeuka, na machoni mwao naona minazi, hoteli na jahazi langu mwenyewe. Nani wa kuwaambia kwamba Kibarani yetu ilivuma kwa jaa la taka, abiria wa matatu wakishika pua toka Makupa? Kweli, jaa limefungwa, pamepandwa miti, daraja jipya la Makupa likafunguliwa 2022, pamependeza. Harufu imeondoka. Utajiri ndio haujafika.

Mwaka juzi nilienda Siku ya Matengenezo. Mwanafunzi mmoja mwembamba akasimulia, na alisimulia vizuri: tarehe 31 Oktoba 1517, mjini Wittenberg, Martin Luther anatoa hoja 95. Kilichomkera ni nini? Mtawa mmoja, Tetzel, anazunguka akiwauzia watu hati za msamaha, na fedha zinatakiwa kwa ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Nikakaa sawasawa kitini. Mimi niliyebatizwa Kianglikana pale Kengeleni, miaka yote nilidhani ugomvi wa Luther ulikuwa wa mambo mazito nisiyoyafikia. Kumbe mzee aligutuka kwa mchango wa ujenzi! Nikampenda palepale. Sijamaliza kumpenda, mwenyekiti wa kamati akainuka: paa la bwalo linavuja, bahasha zinapita.

Nikamnong'oneza mke wangu, "Lakini si sasa hivi tumeambiwa kwamba…"

"Baba watoto," akasema bila kunitazama, "toa elfu kumi unyamaze."

Nikatoa. Mchana nikapewa soda ya machungwa, ya vuguvugu. Luther mwenyewe alikuwa akitengenezewa bia nyumbani na mkewe, Katharina, lakini utamaduni huo chuo hakikuona haja ya kuuendeleza.

Hayo yote yanavumilika. Mavuno ndiyo yaliyonimaliza. Asubuhi watu huleta madhabahuni walichovuna: mikungu ya ndizi, mahindi, maharage, mayai kwenye trei, mara nyingine mbuzi anayejibu mahubiri. Ibada ikisha, vyote hutolewa uwanjani kunadiwa. Dalali alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, suti imempwaya, sauti ya makanga wa Changamwe. Akanyanyua jogoo mwekundu mwenye kilemba kilicholalia jicho la kushoto.

Mwalimu mmoja mstaafu akamnunua elfu ishirini. Vizuri. Badala ya kwenda na kuku wake, akatangaza, "Namrudisha kwa Bwana." Vigelegele, na jogoo akaanza kunadiwa upya! Mama mmoja wa kwaya akamchukua kwa elfu thelathini, naye akamrudisha. Makofi zaidi. Mimi hesabu zangu zote ni za shilingi ya Kenya, na aliposema "elfu arobaini, nani zaidi?" nikaona mtu anataka kumuuza kuku kwa bei ya pikipiki iliyochoka. Nikajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mgeni wa Mombasa, elfu hamsini! Mikono yote miwili!"

Mke wangu akanieleza taratibu kwamba hizo ni za Tanzania, kama elfu mbili na nusu hivi za kwetu. Nikapumua. Kisha nikakumbuka kwamba hata elfu mbili na nusu, Changamwe, ni majogoo watatu na chenji ya mkaa.

Nikaletewa jogoo mikononi. Uwanja ukanyamaza, watu wakitabasamu, wakingoja yale maneno matatu. Hata matarumbeta yalikuwa yameshainuliwa. Nikamkumbatia jogoo wangu nikaketi. Tarumbeta moja, ambalo halikuwa na habari, likatoa mlio mfupi.

Kwa ugumu wa moyo huo nililipwa jioni hiyohiyo. Mlamu akaniuliza kama nina karatasi za daktari wa mifugo za kuvusha ndege hai Holili. Sina. Nimchinje? Basi linaondoka alfajiri. Akasema, "Usihofu shemeji, niachie mimi, nitakutunzia." Nikavuka mpaka mikono mitupu, na kuanzia Voi mpaka Mazeras mke wangu hakunisemesha.

Juzi simu ikalia. "Shalom shemeji, waendeleaje?" Chini yake picha za vitu vilivyokwisha kutolewa kwa mnada wa Mavuno mwaka huu: ndizi, trei ya mayai, gunia la maharage. Picha ya nne, jogoo mwekundu, amenenepa, kilemba kimelalia jicho la kushoto. Mtoaji: familia ya mlamu wangu.

Nilimtazama muda mrefu. Naye, kwa lile jicho lililo wazi, akanitazama.

Nimeandika elfu kumi. Nikaongeza: za Tanzania.