Moshi wa Soseji Mbele ya Sheria: Barua kutoka Leeds

Katika nyumba za kupanga za Uingereza, moshi wa jikoni ni jambo la kisheria kabla haujawa jambo la mapishi. Tangu Oktoba 2015 mwenye nyumba analazimika kufunga, katika kila ghorofa inayokaliwa, walau kitambua-moshi kimoja, yaani kifaa cha mviringo kinachofanana na mfuniko wa sufuria ndogo uliobandikwa darini, na kuhakikisha siku ya kwanza ya upangaji kwamba kinafanya kazi. Ndugu wa Tanga, ambao moshi wa jikoni kwao hutokea dirishani, mlangoni na chini ya bati bila kuulizwa, watasema sheria hiyo imetungwa na watu wasiopika. Dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa Waingereza hupika, ila wanapika kwa namna ambayo jirani hajui.

Chakula kilichozua mjadala huu ni soseji za kukaanga, viazi vya kuponda na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia unaomwagwa juu ya vyote viwili. Soseji hizo zina jina la utani ambalo kwa Kiswahili ni “fataki”, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wakati wa vita vya dunia, nyama ilipoadimika, watengenezaji waliongeza maji na mkate, na maji hayo yalipochemka ndani ya ngozi yake soseji ilipasuka kikaangoni. Siku hizi kanuni zinataka soseji inayouzwa kwa jina la nguruwe iwe na nyama yake isiyopungua asilimia 42, na mama mkubwa akisomewa hapa atauliza asilimia 58 zilizobaki ni za nani. Kwa heshima ya mama mkubwa huyo huyo, mwandishi wa barua hii hununua za ng’ombe katika bucha la halali, ambako hajawahi kuuliza habari za asilimia, kwa kuwa mwenye bucha huwa ameshika kisu.

Viazi vyenyewe ni vile ambavyo nyumbani huitwa viazi ulaya, jina lenye kosa la kijiografia, maana asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na Ulaya vilipita njia tu. Aina iitwayo Maris Piper husifiwa kwa kuponda kwa sababu ni ya unga, yaani ikiiva huvunjika yenyewe. Huchemshwa kwa maji ya chumvi, humwagwa maji, huachwa kidogo ikauke, kisha hupondwa pamoja na siagi na maziwa ya moto. Nyumbani chakula hiki hupewa mtoto anayeota meno au mgonjwa aliyetoka hospitali jana, hivyo kumwona mzee mwenye ndevu akikila hadharani, tena kwa furaha, ni jambo linalohitaji muda kuzoeleka. Mwandishi, aliyelelewa akiamini kwamba chochote cheupe kilichomo sufuriani husongwa, alivisonga viazi kwa mwiko na kwa nguvu za ugali wa msibani, asijue kwamba kiazi kikisumbuliwa mno seli zake hupasuka na kutoa wanga, na wanga huo hufanya gundi. Kilichopatikana kingefaa kufungia bahasha ya barua hii.

Kuhusu mchuzi maelezo ni mafupi, kwa kuwa na wenyewe ni mfupi. Wajuzi huutengeneza kwa mafuta yaliyobaki kikaangoni, vitunguu vilivyokaangwa taratibu, unga kidogo na supu. Wengine wote hufungua kopo la chembechembe za kahawia, humimina maji yaliyochemka na kukoroga. Bisto, jina maarufu kuliko yote katika fani hiyo, liliingia sokoni mwaka 1908 likiwa la poda. Kwa watu ambao mchuzi kwao una nyanya, tui zito, tui jepesi na ugomvi kuhusu nani aliyezidisha ndimu, mchuzi unaozaliwa ndani ya birika ni wa kudharauliwa, na mwandishi ameudharau kwa miaka miwili mfululizo. Kopo lililomo kabatini sasa ni la nne.

Kitambua-moshi kinastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi. Ndani ya vifaa vya aina moja mna kiasi kidogo mno cha elementi nururifu iitwayo amerisiamu, ambayo huipa chaji hewa iliyo kati ya vibati viwili ili umeme hafifu upite; moshi ukiingia hukatiza umeme huo, na kifaa hupiga ukelele unaoumiza meno. Kina ujuzi wote huo wa nyuklia lakini hakiwezi kutofautisha nyumba inayoungua na soseji nne zilizosahaulika kwa dakika tatu. Kilipolia, mwandishi alipanda juu ya kiti akakipepea kwa taulo, kitendo ambacho kingemshangaza yeyote nyumbani, kwa maana huko kipepeo cha ukindu hupepewa jiko ili moto ukolee, wala si dari ili inyamaze. Kisha akafanya ambalo kila mtu wa Tanga angefanya: akafungua mlango ili moshi utoke. Moshi ukatoka, ukaingia ukumbini, na vitambua-moshi vya ukumbini vimeunganishwa kwa jengo zima.

Notisi iliyobandikwa kando ya ngazi inaagiza kwamba king’ora kikilia wakazi waache kila kitu, wasitumie lifti, na waende mahali pa kukusanyikia, yaani kwenye kibao cha kijani chenye mishale minne inayoelekeana, ambacho hapa kimesimikwa kando ya mapipa ya taka. Mwandishi alifika akiwa na kandambili, kikoi na mwiko, katika baridi ya Februari, akawakuta watu sita na paka mmoja. Ndani ya miezi minane alikuwa amezungumza na watu hao kuhusu mvua tu. Sasa bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye joho la kulalia, aliuliza kwa upole kilichokuwa kikipikwa. Nyumbani harufu ya kitunguu ingetosha kumleta jirani mpaka mkekani, naye asingeuliza ila kama pilipili ipo. Mwandishi alijibu kuwa ni soseji, na kwa mazoea ya ulimi akasema karibuni. Walishukuru wote sita, king’ora kikanyamazishwa, kila mmoja akapanda na kufunga mlango wake, na ikumbukwe, kwa ajili ya ukweli wa kitaaluma, kwamba soseji zilikuwa nne na mbili zimeungua.

Bibi wa chini alirudi nyuma hatua moja tu, kuuliza kama mchuzi ulikuwa wa kopo. Alipojibiwa, alisikitika kuliko alivyosikitikia usingizi wake.

Viazi vilikuwa vimepoa na kuganda kiasi cha kukatwa kwa kisu, vikaliwa na achari ya embe iliyotoka Chumbageni, Tanga. Chupa hiyo imebaki robo. Msafiri wa mwezi ujao anajulikana, na begi lake, kwa taarifa zilizopo, bado lina nafasi.