Ngeli za Karatasi Isiyopakwa Rangi

Elimu ya karatasi za kupaka rangi bado haijapewa idara, kwa hiyo mwandishi wa makala haya amelazimika kujipa uprofesa kwa muda. Ofisi yangu ni benchi la steshenari moja mjini Mtwara, ambako mashine ya kopi huguna kutwa nzima. Maabara yangu ni baraza la nyumba huku Ziwani, lenye mkeka mmoja, watoto sita, watu wazima wawili wanaojifanya wasimamizi, na penseli za rangi tano. Penseli nyeusi, nyekundu na ya kahawia zinaandika. Ya buluu na ya kijani zimevunjika ncha, na wembe wa kuzichongea umefichwa kwa sababu za usalama.

Tuanze na kitu chenyewe. Karatasi ya kupaka rangi ni picha iliyochorwa mistari mitupu ikaachwa inasubiri. Nimegundua jamii kuu mbili. Kuna ya kuja, iliyotolewa kopi ya kopi hadi mistari imeingia ukungu, nayo ina tufaha, mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, na dubu aliyevaa shati bila suruali. Kuna ya hapa, iliyochorwa na fundi anayeandika mabango ya maduka na kupamba kuta za chekechea, nayo ina mkorosho, ngalawa, pweza, kinyago, na mama anayebangua korosho.

Wengi hudhani tofauti ya jamii hizi ni uzuri. Sivyo. Karatasi ya kuja haina mbishi. Mtoto akimpaka mtu wa theluji wekundu mtupu, nani Ziwani atainuka kumkosoa? Hatujawahi kumuona huyo bwana. Huenda kwao ndivyo alivyo. Lakini mpe mtoto huyo huyo picha ya bibo la mkorosho. Kabla hajamaliza upande mmoja, baraza limekuwa bunge. Wa mabibo mekundu wako huku, wa mabibo ya manjano wako kule, na mtu aliyekuwa anapita njia tu ameingia kueleza ni lipi kati ya hayo humkereketa koo. Picha iliyochorwa na mwenyeji inaweza kukosewa, na ndiyo picha pekee inayoweza kukosewa. Haya ndiyo matokeo makuu ya utafiti wangu. Yanayofuata ni ushahidi na porojo.

Ushahidi wa kwanza uko ndani ya sarufi. Katika rangi zote duniani, Kiswahili kimezikubali tatu tu kuwa vivumishi kamili vyenye kufuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mtumbwi mweusi, jembe jeusi, kiti cheusi, nyumba nyeusi. Hizo nyingine zote ni wageni waalikwa, zinakuja na jina la kitu zilikotoka. Kijani imetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye bizari, zambarau kwenye tunda lake, samawati mbinguni. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kwamba lugha za dunia huanza na majina ya weupe na weusi, kisha huja wekundu, ndipo zifuate kijani na manjano. Wangeuliza mwalimu yeyote wa sarufi wangeokoa nauli. Kwa upande wetu jambo hili lina faida ya kiuchumi: weupe ni karatasi yenyewe, nyeusi na nyekundu tunazo, kwa hiyo baraza letu lina rangi zote halali za Kiswahili, na ya kahawia ni ziada. Hata lile boksi la kwanza la Crayola lililouzwa Marekani mwaka 1903 kwa senti 5 lilikuwa na rangi nane bila nyeupe. Walijua.

Sasa tuziingie ngeli zenyewe. Ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai, na mfalme wake ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki kama watu wengi wa Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, wakidhani wanamfukuza mhalifu. Alichora miaka michache tu, lakini leo kila mchoro wa chui mwenye macho ya mshangao unabeba jina lake. Tatizo la kitaalamu la Tingatinga ni kwamba picha yake ni rangi. Mvue rangi ubaki na mstari, halafu madoa. Madoa mengi. Nilimpa mtoto wa miaka saba karatasi ya kanga wa mtindo huo, yaani kanga ndege, si nguo. Alipaka madoa kumi na manne, akanyanyua kichwa, akauliza kama kanga anaweza kuwa mgonjwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema madoa mengine yamempotea.

Shangazi yake alimpokonya ile karatasi kwa kisingizio cha kumwonyesha, akaimaliza yeye usiku kwa taa ya simu. Hapa tunapata kigezo cha kuwatenganisha watoto na watu wazima ambacho hakitegemei umri: mtoto hupaka mnyama, mtu mzima hupaka madoa.

Watu wazima nao wana spishi zao. Ulaya na Marekani walishajitangaza. Johanna Basford wa Uskoti alitoa kitabu chake cha bustani mwaka 2013, kikauzwa kwa mamilioni, na watu wenye ndevu wakawa wanapaka majani ya maua kwenye treni bila kumwonea mtu haya. Huku kwetu tangazo hilo halijafika. Yupo anayesema anazijaribu penseli kama zinaandika. Yupo anayemsaidia mtoto aliyekwisha kulala. Na yupo mzee wa kiume anayesimama nyuma, mikono mgongoni, hagusi kitu, ila anaelekeza kwa kidevu. Huyo namhesabu kuwa mpakaji, tena mkubwa kuliko wote.

Spishi moja tu ilinishinda kuiweka mahali: bibi msuka mikeka. Nilimpelekea karatasi ya nakshi iliyotokana na chale za Kimakonde, yale mapindo ya pembepembe yaliyokuwa yakichanjwa usoni na tumboni na ambayo bado utayaona kwenye vinyago. Nilitarajia atulie kama wanavyotulia Waskoti. Akaitazama kidogo akasema, "Mwanangu, hapa katikati pindo limeruka." Kweli lilikuwa limeruka, mchoraji alikosea, na mimi na mashine ya kopi hatukuona. Kisha akarudi kwenye ukindu wake aliokwisha kuutia rangi tangu asubuhi. Mtu anayepanga rangi kwenye ukili kila siku bila mstari wowote wa kufuata, karatasi yangu ingemfundisha nini?

Ngeli ya pili inaleta mgogoro wa kisarufi: mashetani. Neno shetani kwa umbo lake limevaa nguo za LI-YA, lakini tunasema mashetani wamekuja, si yamekuja, kwa adabu au kwa tahadhari. Bingwa wao katika rangi ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu, Kusini, akaanza na kuchonga mpingo kabla ya kwenda Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam na kugeukia brashi. Mashetani wake wana masikio makubwa, matumbo ya shibe na vidole vichache vya miguu, na wanafanya shughuli za kawaida kabisa, kama majirani. Ukipewa karatasi ya kinyago cha mpingo, jibu sahihi ni moja: kiini cheusi, na tabaka la nje jeupe. Penseli nyeusi inaisha kwa kinyago kimoja na nusu. Nashuku Lilanga alikwisha kulitatua tatizo hili la uhaba, ndiyo maana mashetani wake wakageuka wa manjano na waridi.

Mtu atasema basi hapa nadharia yangu imepasuka, kwa kuwa shetani hana rangi ya kukosewa. Nilidhani hivyo pia, hadi mtoto alipompaka mmoja wekundu na mzee wa kidevu akasema shetani mwekundu ni wa kwenye filamu za Kinaijeria, wa hapa hayuko hivyo. Alipoulizwa yukoje, akaondoka.

Ngeli ya PA-KU-MU, ngeli ya mahali, ndiyo yenye historia ya kumwaga damu, maana ramani ni karatasi ya kupaka rangi iliyo mikononi mwa serikali. Kosa kubwa la upakaji, kila mtoto anajua, ni kuvuka mstari. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana mstari wao uwe Mto Ruvuma. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka, wakapaka rangi yao kwenye kipande cha Kionga, kusini ya mlango wa mto. Wareno wakakifuta mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imechacha, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaweka saini. Hakuna mtoto wa baraza langu aliyewahi kuvuka mstari kwa miaka zaidi ya ishirini.

Na kwa wanaotaka kubana matumizi: mwaka 1852 kijana Francis Guthrie, akipaka ramani ya kaunti za Uingereza, aliona kwamba rangi nne zinatosha ili majirani wasifanane. Hilo halikuthibitishwa hadi mwaka 1976, Appel na Haken walipotumia kompyuta huko Marekani. Sisi tuna penseli tatu, na wilaya iliyoachwa nyeupe haijapakwa. Ndiyo maana katika ramani yetu ya mkoa, Newala na Tandahimba zimerudi kuwa wilaya moja kama zamani, na aliyezipaka hakusoma historia, aliishiwa penseli.

Wa kwanza kuzikusanya karatasi za mistari mitupu kutoka Kusini, kwa kadiri ninavyojua, alikuwa Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji havijapoa, alishukia Lindi akapita Masasi, Chingulungulu na Newala, akawagawia wapagazi na wenyeji penseli na karatasi wachore. Walichora, naye akaenda na michoro Ujerumani, mingine akaichapa kwenye kitabu chake cha mwaka 1908. Nadharia yangu ni kwamba walikuwa wanangoja aipake akirudi.

Nimeiacha bahari mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifikisha hapa. Mtoto mmoja wa barazani alipewa shuleni karatasi ya mtumbwi baharini, akaileta nyumbani. Mtumbwi akaupaka weusi, bahari akaipaka kahawia yote. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa ya kisayansi: penseli ya buluu imevunjika. Nikatafuta wembe, nikaichonga, nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kando.

Ilikuwa miezi ya mvua, Ruvuma umeshiba, na maji yanayoshuka mlangoni yana rangi ya chai ya maziwa hadi mbali sana. Mtoto alikuwa ameyaona Jumamosi. Jumatatu karatasi ikarudi kutoka kwa mwalimu, mgeni huku pwani, ikiwa na alama kubwa ya mkasi ya kalamu nyekundu katikati ya bahari.

Babu yake, mvuvi, akaomba aione. Akaishika mbali na macho, akaigeuza kidogo kwenye mwanga.

"Mtumbwi sawa," akasema. "Maji sawa. Ila hili jekundu hapa katikati, mjukuu wangu, miaka yote sijakutana nalo. Ni samaki gani?"