Sifa za Kitufe Kisichorudia

Muguka, yale majani ya kutafuna, una watetezi. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku Mombasa, Gavana Cecily Mbarire wa Embu alikuja juu, na kabla ya mwezi kwisha Mahakama Kuu ya Embu ikawa imelisimamisha katazo hilo. Miraa nayo, Uingereza ilipoifungia mlango mwaka 2014, ilililiwa kuanzia mji wa Maua hadi bungeni. Lakini kuna mnyonge mmoja ambaye hakuna wakili aliyewahi kumvalia joho: kile kitufe cha sauti katika mtihani wa lugha wa kompyuta. Unakibonyeza mara moja, sauti inasema yake, kisha kitufe kinafifia na kunyamaza kama mdeni aliyeona namba ya anayemdai. Leo nacho kipate wa kukisemea.

Kwanza, kinaleta heshima nyumbani. Mwanafunzi anayejua kwamba atairudia rekodi mara kumi husikiliza zile tisa za mwanzo huku akimenya viazi. Mwambie ni mara moja tu, uone. Pale Runyenjes au Nkubu redio inazimwa, watoto wanatumwa dukani kununua kitu kisichohitajika, na jogoo anafunikwa tenga mchana kweupe. Kimya cha namna hiyo zamani kilitolewa kwa matangazo ya vifo peke yake, Muuga FM kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu. Na hata huko, familia yenye uwezo hulipia tangazo lisomwe tena jioni. Marehemu anarudiwa, mtahiniwa harudiwi.

Pili, kina ukoo. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, maswali 40 ya kusikiliza huulizwa kwa muda wa nusu saa hivi, na kila rekodi husikika mara moja, basi. Mwaka 2021 Kenya ilikubaliana na Uingereza kupeleka wauguzi, na kabla ya mwaka huo kuisha Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akasema kwamba kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliopita. Sitadai kwamba yote hayo ni kazi ya kitufe; wauguzi hao walitakiwa pia kusoma, kuandika na kuzungumza. Ila msifu hakatai sifa inayoelea bila mwenyewe.

Wajerumani wamekikuza kwa ujanja zaidi. Katika mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B1 wa Taasisi ya Goethe, sehemu ya kwanza ya kusikiliza huchezwa mara mbili. Mtahiniwa anatulia, anajiona yuko nyumbani. Sehemu ya pili na ya tatu, mara moja. Ya nne, mara mbili tena, wakati hana moyo wa kuifaidi. Na tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 13, 2024, vijana wana sababu mpya ya kukaa mbele ya rekodi hizo. Sauti inasema miadi ni “halb neun”, neno kwa neno “nusu tisa”. Kijana wa Chogoria anashika ile tisa, anaongeza nusu, anaandika saa tatu na nusu asubuhi. Kumbe Mjerumani ameihesabu nusu ya kuelekea tisa, yaani saa mbili na nusu. Akili inagundua hilo sekunde tatu baadaye. Kitufe kimekwisha kulala.

Wapenzi wenzangu wa kitufe husema kwamba ndivyo maisha yalivyo: maneno husikika mara moja. Naam! Nenda steji ya Embu umsikilize makanga akitaja Chuka mara moja tu, kwa sauti ya upole, kisha anyamaze. Muulize mama wa sokoni bei ya maharagwe, halafu sema “ati ngapi?” uone kama atafifia rangi. Hata hospitalini, daktari akitoa agizo la dawa kwa simu, muuguzi hufundishwa kulirudia neno kwa neno mpaka daktari athibitishe, kwa sababu kipimo kilichosikika vibaya huua. Sasa muuguzi huyo anayejua kuuliza tena, kitufe kinampa nafasi gani? Hakuna. Kinamtafuta yule anayesikia robo, akakisia robo tatu, akaendelea kwa uso mkavu. Huyo ndiye anayekabidhiwa cheti apande ndege kwenda kuwahudumia wazee wa watu. Ni nani mwingine angeweza kututeulia hivyo?

Tena kinafundisha bila mshahara. Pale hesabu ya kusikiliza inapotunzwa ndani ya kivinjari pekee, mwanafunzi hujifunza kwamba kufungua ukurasa upya huirudisha hesabu mwanzo. Hiyo ni elimu ya kompyuta. Pale inapotunzwa kwenye seva, na mvua ya mlimani ikaukata mtandao sauti ikiwa bado inasalimia, mashine huandika kwamba umeshasikia. Hayo ni mafundisho ya dini. Na simu ya pili iliyolazwa kando ikirekodi kila kitu kwa ajili ya kikundi cha WhatsApp ni somo la ujamaa. Anayenyimwa ni mwenye sikio zito, asiye na simu ya pili. Wapo walimu wakorofi wanaomwongezea nafasi, na wengine wakorofi zaidi, wanaokifungua kitufe kabisa wakati wa mazoezi, eti mtu anayejifunza anahitaji kusikia neno mara nyingi kabla halijamkaa sikioni. Kwa maoni hayo ya hatari mtu angeweza hata kujua lugha kabla ya kutahiniwa.

Nimeiacha sifa ya mapato hadi hapa kwa kuwa ndiyo inayomgusa mzazi. Mtihani ule wa B1 wa Goethe umegawanywa katika moduli nne, na moduli uliyoanguka unaweza kuirudia peke yake, mara nyingi upendavyo, bora nafasi ipatikane. Kwa hiyo si kweli kwamba sauti hairudiwi. Unalipa ada nyingine, unapanda matatu ya alfajiri kutoka Meru kwenda Nairobi, unakaa kwenye kiti, na sauti inachezwa tena: sehemu ya pili, mara moja.