Pasi Pasi na Safari

Mama yangu haiamini karatasi tupu. Mpe karatasi yoyote, iwe ya umeme, ya hospitali au ya mchango wa harusi, ataipapasa kwa kidole gumba, ataiinua kwenye mwanga, kisha atasema, "Hii itaoza." Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, cheti chake cha ndoa kina laminesheni. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watano vina laminesheni. Stakabadhi ya friji iliyokufa mwaka 2009 ina laminesheni, na friji yenyewe siku hizi ni kabati la vyombo. Marehemu baba alikuwa akisema anaogopa kulala mchana sebuleni, asije akaamka kazungushiwa plastiki.

Kwa hiyo nilitakiwa nijue.

Pasipoti yangu ni ya hizi za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 31, 2018. Nilikuwa katika watu wa mwanzomwanzo kwenda kuiomba, wala sikuwa na safari. Nilikuwa na rafiki mwenye maneno. Aliniambia Muscat kuna kazi inanisubiri, nitengeneze pasi tu, mengine niachie yeye. Nikalipa shilingi 150,000, nikapigwa picha nimekodoa macho kama changu wa kwenye barafu, nikakabidhiwa kijitabu cha bluu chenye nembo ya dhahabu. Kazi ya Muscat ikayeyuka, rafiki akabadilisha namba ya simu, nami nikabaki na ruhusa ya miaka 10 ya kwenda popote, na popote penyewe sina.

Wazee wa kwetu hawasemi pasipoti, wanasema pasi. Yangu basi ikawa pasi pasi na safari. Ingelala sandukuni kwa amani hadi imalize muda wake, kama si kile kilichonipata soko la samaki la Deep Sea. Nilikuwa nimeinama kwenye ubavu wa mtumbwi, nabishana na mvuvi juu ya bei ya jodari, kitambulisho changu cha taifa kikachomoka mfuko wa shati. Kiliyumba mara mbili majini kama jani la mwembe, kikaenda chini. Mvuvi alikitazama mpaka kilipopotea, akasema, "Huyo sasa raia wa huko."

Namba ilibaki. Zina tarakimu 20 zile namba, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, hivyo za kukariri kwa kweli ni 12 tu. Lakini ukimtajia mtu namba kwa mdomo anakutazama kama unamsomea nyota. Anataka kushika kitu. Nikawa nasema kesho nitakwenda kuomba kadi nyingine, na kesho hiyo ikadumu miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu, kila aliyeniuliza mimi ni nani nilimpa pasi.

Ndani ya kijitabu kile mna ombi zito. Kwa jina la Rais, wote wanaohusika wanaombwa wamwache mwenye nacho apite bila kuzuiliwa, na wampe msaada atakaouhitaji. Mimi aliyeniacha nipite ni binti wa kaunta ya benki, tena baada ya kunizuia saa nzima. Aliipeleka pasi kwenye mashine ya kopi, akaona haikai sawa, akaiegemea kwa kiwiko. Nilisikia mgongo wake ukilia. Wa pasi, si wa binti. Tangu siku hiyo ukiiweka mezani inajifungua yenyewe, kama ina neno inataka kusema.

Nilikokwenda kuchukua kifurushi, karani aliiweka chini ya chupa ya chai, akaniachia duara la kahawia kwenye jalada. Wakala wa basi alitaka asome jina vizuri, na alipomaliza kulisoma akaandika "B4" kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya kwanza ya ndani, ati nisisahau kiti changu. Kwenye gesti moja Korogwe, mhudumu alinakili jina langu kwenye daftari la wageni, akavuta stepla, akapiga ta! Risiti ya chumba, shilingi 25,000 pamoja na chai, ikabanwa ukurasa wa 7, pale ambapo ubalozi fulani ungeweka viza yake. "Ili isipotee, kaka," akaniambia. Nikamshukuru. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akikuharibia kitu kwa upole unamshukuru.

Mwaka 1920 wakubwa wa Shirikisho la Mataifa walikutana Paris wakakubaliana pasipoti iwe kijitabu cha kurasa 32 chenye jalada gumu, ili kistahimili misukosuko ya njiani. Sidhani kama kuna aliyenyoosha mkono akauliza habari za stepla ya Korogwe.

Kisha likaja jambo la heri. Binamu yangu wa Mombasa alikuwa anaoa, na sisi wa Tanga ndio wa upande wa mama yake. Mtu wa Tanga haihesabu Mombasa kuwa ng'ambo. Ni mwendo wa asubuhi moja, unapita Horohoro, unatokea Lunga Lunga, unakuta watu wanaokula vitumbua vilevile. Ila serikali zina mahesabu yao. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakitembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Sisi hatumo katika mpango huo, tunaonyesha pasipoti au hati ya dharura ya safari. Hata kama tungekuwemo, changu kilikuwa kwa samaki.

Miaka yote ile, na sasa pasi imepata safari! Nikaichomoa sandukuni, nikang'oa pini ya Korogwe kwa ncha ya kisu, nikamwambia mama anipelekee steshenari wanitolee kopi, mimi nimechelewa kazini. Nilitamka neno kopi. Nina shahidi, dada yangu alikuwepo.

Niliporudi jioni, mama alikuwa kaketi barazani, kanipangia uso wa mtu aliyekufanyia jambo kubwa. Kwenye mkeka mbele yake palikuwa na kitu kama bagia iliyofunguliwa katikati.

"Nimekumalizia kila kitu, baba," akasema. "Hii sasa utamwachia mwanao."

Kijana wa steshenari, kumbe, baada ya kutoa kopi aliuliza kama aifanyie na laminesheni. Kumuuliza mama yangu swali hilo ni kumuuliza paka habari ya dagaa. Kijana akaupachika ukurasa wa picha ndani ya ganda la plastiki, akauingiza mashineni, kijitabu kilichobaki kikawa kinaning'inia nje. Mashine ikameza nusu, ikakwama, ikaanza kunuka. Wakaizima, wakaifungua kwa bisibisi, wakaitoa pasi ikiwa imekunjamana pembeni, ina mapovu juu ya pua yangu, na nembo ya dhahabu kwenye jalada imeparara kama mguu wa kuku. Mama alikuwa ametajiwa shilingi 1,000. Kwa kuwa kazi haikwenda vizuri sana, alilipa 700.

Sikusema neno. Nikavaa ndala nikaenda kijiweni.

Kijiwe chetu cha kahawa kina wanasheria wanne, hakuna hata mmoja aliyesomea. Wa kwanza alisema hilo ni kosa la jinai, nitafungwa. Wa pili akasema atakayefungwa ni kijana wa steshenari. Wa tatu, ambaye ana kesi ya kiwanja tangu nikiwa darasa la nne, akashauri tuombe kuahirishwa. Wa nne ni mzee mstaafu wa reli, mtu wa vyuma. Aliusubiri ubishi upoe, akanywa funda la mwisho, akauliza, "Plastiki hiyo iliganda kwa nini?"

"Kwa moto, mzee."

"Basi moto uliogandisha ndio utakaogandua. Ipige pasi."

Nakiri, ni lugha yetu iliyoniponza. Pasi ipigwe pasi: likitamkwa kwa sauti ya mzee mstaafu linaingia akilini kabisa. Nikachukua pasi ya umeme, nikaiweka moto wa hariri, nikatandika kanga mpya ya mama iliyoloweshwa kidogo juu ya ukurasa, nikakandamiza taratibu. Plastiki ililainika kweli, ikaachia kona moja. Nilipoinua kanga nikaona rangi nyekundu imechuja, na herufi mbili za jina la kanga zimehamia kwenye paji la uso wangu, zimegeuka kinyume. Nilionekana kama mtu aliyegongwa mhuri na jini.

Asubuhi nikaenda ofisi ya uhamiaji. Afande aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mtulivu, miwani imeshuka puani. Nikamwamkia, nikaiweka pasi mezani. Ikajifungua yenyewe.

Aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Hii B4 ni nini?"

"Kiti cha basi, afande."

"Na hili duara?"

"Chai, afande."

"Na haya maandishi kwenye uso?"

"Kanga, afande."

"Na hii plastiki?"

"Mama, afande."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ningetamani angenifokea. Badala yake alinielekeza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ile mistari miwili chini ya picha, yenye alama nyingi za mishale, mimi siku zote nikidhani ni mapambo, ndiyo inayosomwa na mashine mpakani. Kila mstari una nafasi 44, na baadhi ya tarakimu zimewekwa makusudi kuzihakiki nyingine. Mtu akibadilisha mwaka wa kuzaliwa, hesabu inakataa. Plastiki yangu ilikuwa imeikunja mistari yote miwili. Halafu ukurasa wa picha ukikutwa umebandikwa kitu juu yake, jambo la kwanza analoliwaza ofisa yeyote duniani ni kwamba picha imebadilishwa.

"Hapa mtu hawezi kujua ndani ni wewe au ni nani," akasema. Nikautazama uso wangu chini ya mapovu. Hata mimi sikuwa na hakika.

"Halafu hii si mali yako."

"Ya nani, afande?"

"Ya Serikali. Wewe umeazimwa uitunze. Kuna sheria ya pasipoti tangu 2002, si kitu cha kuchezea."

Nikajaribu kujitetea kwamba mama, ukimtazama vizuri, alikuwa anaitunza mali ya Serikali kuliko Serikali yenyewe. Afande akauma mdomo wa chini, akageukia dirishani kwa muda. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Aliporudi alikuwa afande tena. Akafungua ukurasa mmoja mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha mwisho hadi mwanzo.

"Umesafiri nchi gani na hii?"

"Hakuna."

"Hakuna muhuri hata mmoja."

"Ndiyo, afande."

"Sasa imeumia wapi?"

"Hapahapa Tanga, afande. Na Korogwe siku moja."

Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Nami nikapewa karatasi niandike maelezo yangu, na hapo ndipo nilipojua ugumu wa kuandika sentensi rasmi inayoanzia kwa mama mzazi na kuishia kwa pasi ya umeme. Ile ya zamani ikabaki kwao. Mpya nitaomba upya, nitalipa upya. Kwa ajili ya harusi nikapewa hati ya dharura, na mama naye akachukua ya kwake. Afande alipoambiwa kwamba huyu ndiye mama mwenyewe, alisimama akamwamkia kwa heshima zote, kisha akaniambia nizibebe zote mbili mimi.

Horohoro nikagongewa muhuri wa kwanza wa maisha yangu. Niliufuata kwa macho kama mtu anayetazama goli likirudiwa. Nyuma yangu foleni ikaguna.

Nyumba ya harusi ilikuwa imejaa, wageni mpaka ngazini, kwa hiyo tukatafutiwa gesti karibu na Mji wa Kale. Kijana wa mapokezi akaomba kitambulisho. Nikamsogezea hati yangu kwenye kaunta, nikiwa nimeishikilia kwa kidole kimoja. Akaandika jina, akaandika namba, akakata risiti ya chumba, akafungua droo, akatoa stepla.

Sikumbuki nilivyofika upande wa pili wa kaunta. Ninakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeishika stepla kwa mikono miwili, kijana ameegemea ukuta, na nyuma yangu mama kaichukua ile hati, anaipapasa kwa kidole gumba, anaiinua kwenye taa.

"Mwanangu," akamwita kijana, "hapa jirani hakuna steshenari?"

"Iko saiba hapo chini, mama," akajibu kijana, macho bado yako kwenye stepla. "Lakini wanafunga saa mbili."

Mama akatazama saa ya ukutani.