Sifa za Shume wa Majengo

Nyiragongo ina wa kuisifu kwa moto wake, na Ziwa Kivu kwa maji yake. Hata chukudu, kigari cha mbao tu, kimesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya Goma. Paka shume hana aliyemkumbuka. Basi kazi hiyo imeniangukia mimi, kwa kuwa usiku hunitembelea juu ya mabati akilia kama mjane mwenye madeni, tangu alipojihamishia kwangu hapa Majengo.

Ni msafi: haja zake huzimaliza kwa jirani. Ni mwaminifu kwa kila nyumba inayokaanga. Ujasiri wake usiulizwe. Mei 2021, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kushuka, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, nasi tukakimbilia Sake na Gisenyi na magodoro kichwani. Mashume walibaki kuulinda mji, na tuliporudi hapakuwa na sufuria ambayo haijakaguliwa.

Lakini hizo ni sifa ndogondogo. Sifa kuu ya shume ni kwamba hakatai kilichopasuka.

Mletee samaki sambaza wa soko la Kituku. Hamwinui juani kumchungulia. Hampindui kutazama mgongo. Asiye na kichwa anapokelewa. Aliyepasuka tumbo anapokelewa kwa thamani ileile. Aliyekanyagwa na chukudu na kubaki bapa barabarani ndiye anayegombewa. Wala haulizi ni wa toleo gani. Sambaza mwenyewe ni mgeni katika ziwa hili, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ila shume hajawahi kusema kwamba wa miaka hiyo hapokelewi tena. Mkia mmoja uliokauka una thamani yake, na vipande viwili vikiwekwa pamoja ni samaki mzima. Wataalamu wa fedha wangekaa chini ya meza yangu wakajifunza.

Sasa mpe mwenye nyumba wangu noti ya dola 20.

Anainyoosha gotini. Anaiinua kwenye mwanga. Anapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, taratibu, huku amefumba jicho moja, halafu anairudisha kwa ncha za vidole. "Hii haitembei." Haitembei kwa nini, papa? Imepasuka. Imepasuka wapi? Ananionyesha mahali ambapo chawa angepita kwa shida! Nampa nyingine, hiyo ni nzima, ila ni ya zamani. Kana kwamba mimi ndiye niliyechagua mwaka wa kuichapisha.

Na noti mpya nitazitoa wapi? Waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Aliyetaka pesa yake mwenyewe alivuka mpaka kwenda kuitoa Gisenyi, au alimwachia wakala wa simu fungu nono ndipo apewe faranga zilizochakaa, ambazo mama wa nyanya naye anazikataa. Kila mtu mjini amekuwa mkaguzi. Tunasukumiana makaratasi yaleyale, kila mmoja akiomba ujinga umkute mwenzake.

Ajabu ni kwamba jicho hilo kali la mwenye nyumba huishia kwenye noti. Bati la juu ya kitanda changu limepasuka, mvua ikinyesha nahamisha godoro, na yeye alipolitazama alisema bado ni jipya. Garanti ya miezi mitatu aliipokea yote, ikatembea vizuri sana. Tangu hapo mlango unasubiri kitasa.

Juzi amekuja na jambo jingine. Ameona shume amelala kizingitini, akasema paka hayumo kwenye mkataba, kwa hiyo kodi itapanda dola 5. Nimemjibu kwamba huyu si wangu, aliingia kupitia tundu la bati lake jipya. Kama ni mpangaji, amdai mwenyewe, na azikague vizuri noti atakazopewa.